Neno moja, adhabu mbili: malalamiko ya wachezaji wa basketi

Kwenye uwanja wa basketi, kila filimbi inaleta mtu wa kulalamika. Mchezaji anamfuata mwamuzi, mikono juu: “Papa, amenipiga mkono!” Mwamuzi mmoja anamsikiliza kidogo, kisha anamrudisha kwenye mchezo. Mwingine hataki kusikia, anatoa kosa la kiufundi palepale. Wachezaji wanaweza kuishi na wote wawili, mkali na mpole, kwa sababu wanajua mapema wamekutana na nani. Kinachoumiza ni mwamuzi yuleyule, katika mchezo uleule, kuadhibu neno la mmoja na kuachia neno hilohilo kwa mwingine.

Sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zimeweka njia ya kulalamika. Kapiteni anaweza kumwuliza mwamuzi maelezo, kwa heshima, wakati mpira umesimama na saa imesimama. Anayevunja heshima anapewa kosa la kiufundi, na wapinzani wanapata mtupo mmoja wa bure. Akipata la pili, anatoka uwanjani. Ekipe ikiona hesabu ya alama au saa ilikosewa, kapiteni ana dakika 15 baada ya mchezo kumjulisha mwamuzi mkuu na kutia sahihi kwenye karatasi ya mchezo. Lakini kama ni swali la mkono kuguswa au kutoguswa, filimbi ikishalia imekwisha. Ndiyo maana namna mwamuzi anavyosikia ina uzito mkubwa. Na hakuna mizani ya kupima heshima inaishia wapi.

Hata kule kwenye pesa nyingi, jambo hili limewashinda. Tarehe 15 Aprili 2007, Tim Duncan wa San Antonio, mchezaji anayejulikana kwa upole, alitolewa katika mchezo dhidi ya Dallas. Alikuwa ameketi kwenye benchi, akicheka. Mwamuzi Joey Crawford aliona kicheko hicho ni dharau. NBA ilimtoza Duncan faini ya dola 25.000 kwa maneno yake kwa mwamuzi, lakini Crawford naye alisimamishwa hadi mwisho wa msimu ule. Wote wawili waliadhibiwa, na mashabiki wakabaki kuuliza: kucheka ni kosa tangu lini?

Sasa tumtazame mtoto wa Kongo, Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2024. Kila alipozuia mpira, alimtikisia mpinzani kidole: hapana, si nyumbani kwangu. NBA ikaamua kwamba kumtikisia mpinzani kidole usoni ni kumdharau, na adhabu yake ni kosa la kiufundi. Mutombo alifanya nini? Aligeukia mashabiki, akawatikisia wao kidole. Mstari ulikuwa umechorwa, yeye akajua pa kuweka mguu. Alicheza misimu 18, akachaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara 4.

Tofauti ya habari hizi mbili inafaa kufikiriwa hapa Bunia. Mutombo aliambiwa mpaka uko wapi, akaufuata bila kupoteza furaha yake. Duncan aligundua mpaka baada ya kuuvuka.

Mwamuzi wa mtaani naye ahurumiwe. Mara nyingi mashabiki wanasimama karibu kabisa na mstari, na mchezo ukiisha anarudi nyumbani akipita katikati yao. Mchezaji mwenye jina ana watu nyuma yake. Kumwadhibu kunahitaji moyo. Kijana mgeni, aliyefika juzi na viatu vya kuazima, hana mtu wa kumpigia kelele. Basi filimbi inaangukia pale penye wepesi. Si lazima iwe rushwa wala ukabila. Mara nyingine ni woga tu, au uchovu. Lakini yule kijana hawezi kuona ndani ya moyo wa mwamuzi. Anaona tu kwamba yaya mwenye jina amesema “hapana, papa” na kusikilizwa, naye amesema vilevile akaadhibiwa.

Kwa watoto wa Djugu waliokimbilia mjini, somo hilo si la mchezo tu. Nyumbani wanamwona mama ambaye jina lake limekosekana kwenye orodha ya ugawaji. Anauliza na kuambiwa anyamaze, huku mwenye kujulikana anauliza na kuletewa kiti. Mtoto huyo akikuta mambo ni yaleyale uwanjani, atajifunza mojawapo ya mawili: kunyamaza daima, au kupiga kelele kuliko wote. Njia zote mbili tumeona zinafikisha wapi.

Dawa haihitaji pesa. Kabla ya kurusha mpira wa kwanza, mwamuzi awaite makapiteni wawili, mbele ya wachezaji wote: nani ataruhusiwa kuuliza, kwa maneno gani, na nini kitaleta adhabu. Kisha onyo la kwanza liwe moja kwa wote, na tekniki ya kwanza vilevile, hata kama anayestahili ni nyota wa mtaa. Atazomewa dakika moja. Lakini kijana mwenye viatu vya kuazima atakuwa ameona, na kesho atarudi kucheza.