Fundo la Kamba

Katika miaka yangu ya ualimu nimesema maneno mengi ambayo nimekwisha kuyasahau. Maneno mawili sikuyasahau, nayo ni haya: "Kaa chini." Nilimwambia hivyo mwanafunzi aliyekuwa ameuliza swali jema.

Siku hiyo nilikuwa nikifundisha habari za mawimbi yaliyosimama. Nilieleza kwamba wimbi likipita katika uzi uliofungwa ncha zote mbili, hufika mwisho, likagonga, likarudi limepinduka. Liendalo hukutana na lirudilo. Yakiwa sawa kwa kimo na kwa urefu, macho hayaoni tena wimbi lisafirilo. Huona uzi umegawanyika matumbo yapandayo na kushuka pale pale, na kati ya tumbo na tumbo pana fundo lisilopanda wala kushuka. Katika fundo, nilisema, wimbi moja huvuta juu na jingine huvuta chini kwa kadiri ile ile, basi hufutana.

Kijana akasimama. "Mwalimu, yakifutana, nishati yake huenda wapi?"

Sikujua. Niliona haya kukiri. Nikamjibu kwamba mtihani hauulizi mambo hayo. Wenzake walicheka. Alikaa chini, wala hakuuliza tena mpaka mwaka ukaisha. Nami mwaka mzima niliutazama ukimya wake nikadhani swali limekwisha.

Kumbe lilikuwa limehamia kwangu. Jioni moja nilichukua kamba ya mita 3, nikafunga ncha moja katika nguzo ya baraza, nikaitikisa ncha ya pili kwa mkono. Nilipotikisa ovyo, kamba ilivurugika na mkono ukachoka bure. Nilipoupata mwendo wake, likatokea tumbo moja kutoka mkononi hata nguzoni. Nilipotikisa upesi mara mbili ya kwanza, yakawa mawili. Mara tatu, yakawa matatu, kila moja mita 1, maana urefu wa tumbo ni nusu ya urefu wa wimbi. Miendo iliyo baina ya hiyo kamba haikuikubali. Kwa sheria hii mpiga fidla hugusa uzi kwa wepesi katikati yake, akapata sauti ya juu yenye mitikisiko mara mbili: kidole chake kimeweka fundo mahali palipokuwa na tumbo.

Nilimpa mwanangu ncha ya kamba aendelee kutikisa, nikainama kulitazama fundo kwa karibu. Halikupanda wala kushuka, lakini halikuwa limelala. Kamba pale iliinama upande huu, kisha upande wa pili, kama mkono wa mizani juu ya mhimili wake. Katikati ya tumbo kamba ilikwenda kasi bila kuinama. Fundoni iliinama sana bila kwenda. Na kamba iliyoinama imevutwa, na iliyovutwa imeweka nishati, kama upinde mkononi mwa mwindaji.

Usiku nilipiga hesabu. Kamba inapopita katika mstari ulionyooka, nishati yote ni ya mwendo, na kubwa yake imo matumboni. Inapofika mwisho wa kupanda na kushuka kwake, husimama kitambo kidogo, na nishati yote ni ya mvuto, na kubwa yake imo mafundoni. Hupokezana hivyo bila kukoma. Ukichukua wastani wa zote mbili, kila sehemu ya kamba ina fungu sawa na nyingine, na fundo halikupunjwa. Mwendo ndio uliofutika pale. Nishati haikufutika hata chembe.

Nilimwandikia kijana yule barua ya kurasa mbili. Kwanza nilimwomba radhi, kisha nikachora kamba, kisha nikajibu swali lake. Jibu lake bado halijanifikia, wala sina haki ya kumhimiza. Ila tangu siku ile mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, humwambia sijui. Na kamba nimeiacha nguzoni, imefungwa.