Ua wa Nyuma wa Pemba

Tangazo lilisema fleti ina "nafasi ya nje", nami nikajipimia mwenyewe kichwani: roshani pana, viti viwili, kikombe cha chai, ghuba mbele. Ilikuwa Agosti 2022, kusi inavuma. Pemba yenyewe si ile ya karafuu. Ni mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia enzi za Wareno. Roshani kweli ilikuwepo. Ukiweka kiti, magoti yanagusa nondo.

Nafasi ya nje yenyewe ilikuwa chini, uani: mchanga uliofagiliwa ukabaki na mistari ya ufagio, mwembe mmoja, tangi jeusi la maji. Chini ya mwembe, mafiga matatu na mkeka. Mwenye nyumba aliniona naangalia.

"Hao ni ndugu zetu wa Macaloe," akasema. "Hawatakusumbua, baba."

Nilikuwa nimelipia ua ambao tayari ulikuwa chumba cha watu.

Macaloe ni kisiwa kidogo cha wavuvi mbele ya pwani ya Macomia, zaidi ya kilomita 100 kaskazini mwa Pemba. Vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 viliifikia pwani hiyo kijiji kwa kijiji. Oktoba 2020 ndipo bahari ilipojaa watu: ndani ya wiki chache zaidi ya watu 10,000 waliteremka Paquitequete, mtaa wa zamani wa wavuvi ulio chini hapa, kwenye mchanga wa mdomo wa ghuba. Wengi wao hawakwenda kambini. Waliingia kwenye nyua za jamaa, na za jamaa wa jamaa. Kutoka ukuta wa nyuma niliyaona mabati ya mtaa huo yamebanana, na kati yake moshi wa mafiga mengi kuliko nyumba.

Mama wa uani alikuwa mtu mzima, mkavu, mwenye sauti ya kuita chombo kilicho mbali. Tulielewana nusu kwa nusu, yeye na Kimwani chake, mimi na Kiswahili cha Mtwara. Mwani kwao ndiyo pwani. Kwetu ni majani ya baharini. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika ubavu: kumbe wao wote ni majani!

Kila asubuhi alikaa na jiwe bapa mapajani, akalidondoshea maji, akasugua kijiti cha musiro polepole mpaka ukatoka uji mweupe, mzito kama tui la kwanza. Akajipaka mashavu na paji la uso, akauacha ukauke na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kwetu msio ni jiwe la kusugulia liwa. Kwao neno linalofanana na hilo ni dawa yenyewe ya uso. Jiwe hilo, aliniambia, ndilo alilotoka nalo Macaloe. Sufuria ziliachwa. Sikumuuliza kwa nini jiwe, maana nilimwona akilisugua.

Siku ya tatu umeme ukakatika. Mimi niliyezoea mgawo wa kwetu sikushtuka, hadi nilipofungua bomba nikapata pumzi tu: bila umeme pampu haipandishi maji juu. Mwenye nyumba hapokei simu. Sabuni kichwani, nimejifunga kikoi, nikachungulia kwenye ile roshani yangu ya kifahari.

"Mwanangu!" akaita kutoka chini. "Teremka na ndoo."

Alikuwa na madumu manne, amejaza tangu alfajiri. Kumbe fleti nzima ilikuwa ikiishi juu ya mazoea ya umeme, na yeye alikuwa akiishi kwa kutoyaamini. Nikaoga nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kamba, kando ya pweza watatu waliokuwa wanakauka, mikono imetandazwa kwa vijiti.

Baada ya hapo nikawa nateremsha kiti changu kila jioni. Roshani nikawaachia kunguru.

Asubuhi ya kuondoka nilimpa noti za metikali kwa ajili ya maji. Akazisukuma pembeni, akaniuliza swali ambalo, naona, alikuwa amelitunza siku zote hizo.

"Kwenu Mtwara, pweza mkavu kilo bei gani?"

Sikujua. Nikampigia simu mjomba wangu, akataja bei, nami nikaigeuza kuwa metikali kwa hesabu mbaya. Mama akanyamaza, vidole vikitembea juu ya kanga.

"Muulize," akasema, "hao pweza wake wameanikwa siku ngapi?"