Kuna Mtu Alikufa Ndio Nikaona Tena

Leo hakuna vichekesho.

Huwa mnaniuliza mbona niliacha chuo, na mimi husema ni karo. Huo ni ukweli nusu. Ile nusu ingine ni kwamba mwaka wa pili nilikuwa sioni ubao. Usiku taa moja ya matatu niliiona kama tano. Nilibadilisha miwani mara tatu, wapi. Watu wakasema nimekuwa mvivu, hadi nikaanza kuamini.

Kumbe ni keratokonasi. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho, pale mwanga unaingilia. Yangu ilikuwa imekonda ikachomoza mbele kama ncha ya yai, na ile tabia yangu ya kusugua macho tangu utotoni ilichangia. Ukiwahi mapema, madaktari wanaweza kuizuia. Jicho la kulia liliwahi. La kushoto lilihitaji konea ya mtu aliyekufa.

Hii kitu si ya jana. Desemba 1905, kule Olomouc, daktari Eduard Zirm alimwekea konea kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa, na jamaa akaona tena. Konea haina mishipa ya damu, ndio maana mwili huikubali kwa urahisi kuliko figo.

Yangu ilitoka ng'ambo. Mwenyewe simjui. Bandeji ilipotolewa niliona ukungu tu. Ilichukua miezi na matone kila siku, hadi asubuhi moja nikasoma namba ya matatu kabla haijafika steji. Manze, nililia hapo hapo.

Sasa sikizeni penye naona aibu. Mwaka uliofuata shosho alifariki. Konea hutolewa ndani ya saa chache, na uzee peke yake haukuzuii kutoa, wala miwani. Nikakaa sebuleni na konea ya mgeni ndani ya jicho, wazee wakipanga mazishi, na nikanyamaza. Niliogopa kuambiwa nataka shosho azikwe bila macho. Na si hivyo, uso hauharibiwi. Konea zake mbili zingesaidia watu wawili.

Wiki jana nikamkalisha mathe na brathangu. Sheria ya Afya ya 2017 inakuruhusu kutoa tishu zako kwa maandishi, au hata kwa mdomo, mbele ya mashahidi wawili. Nikawaambia: mimi nikienda, konea zangu zitolewe.

Mathe aliangalia jicho langu la kushoto kwa muda. "Huyo aliyekupa, mamake alikubali?"

Nikamwambia sijui, lakini lazima kuna mtu wao alikubali.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Leta kalamu. Na mimi niandike."

Sisemi usaini leo. Ongea tu na watu wako mkiwa bado mnakula pamoja. Matangani mdomo huwa mzito, najua.