Gereza la Kilwa

Tulipokuwa wanafunzi wa sekondari, tuliweza kuutaja bila kusita mwaka ambao Wareno waliiteka Kilwa. Jina la mtawala waliyempindua hatukulijua. Aibu ya jambo hilo ilitupata miaka mingi baadaye, tulipovuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Nahodha, mzee wa makamo, alituuliza: "Waliokuja mnawajua. Je, waliokuwapo?" Tukanyamaza. Insha hii ni jibu tulilopaswa kumpa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilekezea Kilwa mizinga yake, akamlazimisha Amiri Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu kwa Mfalme Manuel wa Kwanza wa Ureno. Kwa dhahabu hiyo kilifuliwa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kilichokamilika mwaka 1506, na hadi leo kimehifadhiwa katika makumbusho mjini Lisbon. Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi la merikebu. Ibrahim alikimbia, mji ukaporwa, na ngome ikaanza kujengwa. Mfalme Manuel hakupata kuiona Kilwa kwa macho yake. Aliitawala kwa barua.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mlango ulikuwa umelegezwa na wenyeji wenyewe. Ibrahim hakuwa wa ukoo wa kifalme. Alikuwa ametwaa madaraka kwa nguvu, na wapo waliomchukia kwa hilo. Almeida aliitumia chuki hiyo, akamtawaza mzee wa mji, Muhammad Ankoni, kwa taji la dhahabu lililokusudiwa mfalme wa Cochin, huko India. Taji lilikuwa la mwingine, na mkono uliolivisha ulikuwa wa mgeni. Mwaka uliofuata Muhammad aliuawa, na ugomvi wa urithi ukaugawa mji.

Utawala huo pia ulikosa riziki. Kilwa iliishi kwa biashara, hasa dhahabu ya Sofala. Wareno waliishika Sofala na kuwazuia wafanyabiashara wa pwani kuendelea na kazi yao ya karne nyingi. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akahama. Ngome ikawa inakula kuliko inavyoleta. Mwaka 1512 Wareno waliiacha, na Ibrahim akarudi. Ilikuwa miaka saba tu. Lakini neema ya zamani haikurudi pamoja naye.

Jengo tunalolitazama leo ufukweni, liitwalo Gereza, kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waarabu wa Omani, waliojenga juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Jina lenyewe linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Katika vinywa vya wazee wetu likawa ngome, kisha mahali pa kufungia watu. Hakuna baraza lililokaa kuamua hivyo. Lugha ilishuhudia, ikatoa hukumu yake.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, tunapofundisha mwaka 1505, tusiishie kwa Almeida. Tumtaje Ibrahim, tumtaje na Muhammad Ankoni, na tuueleze ugomvi wao bila kuuficha. Mtoto anayejua mizinga tu hujifunza kuogopa wageni; anayejua na ugomvi hujifunza kuitunza nyumba yake.