"Daktari Amempa Miezi Sita"

Hakuna daktari anayempa mtu miezi, wasee. Hiyo sentensi tumeizoea matangani mpaka tunadhani hospitalini kuna kalenda ya siri.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini takwimu nilisoma. Hiyo miezi hupatikana hivi: unachukua wagonjwa wengi wanaofanana, unawapanga kwa muda walioishi, unamtazama wa katikati. Kama yeye aliishi miezi sita, basi nusu walienda kabla, nusu wakaishi zaidi, wengine zaidi sana. Mgonjwa wako yuko wapi kwenye hiyo foleni? Namba haisemi.

Na saratani ya ini ni ngumu zaidi kukisia, kwa sababu mara nyingi humpata mtu ambaye ini lake tayari limejaa makovu, ya hepatitisi B, hepatitisi C ama pombe. Kujua ukubwa wa uvimbe hakutoshi. Lazima ujue ini lililobaki linajikaza vipi. Ndiyo maana kuna alama za Child-Pugh, zinazotumika tangu 1973. Vinaangaliwa vitu 5: bilirubini (ile inayofanya macho kuwa ya njano), albumini, kasi ya damu kuganda, maji tumboni, na kama akili imeanza kuchanganyikiwa. Kila kimoja hupewa alama 1 hadi 3. Jumla ya 5 au 6 ni kundi A. 7 hadi 9 ni B. Kuanzia 10 ni C. Watu wawili wanaweza kuwa na uvimbe sawa kabisa, wa A apelekwe upasuaji, wa C aambiwe dawa zenyewe zitamlemea.

Sasa, mjomba wangu. "Miezi sita" aliambiwa mama, kwenye korido. Mjomba alikuwa kitandani, akili timamu, hakuna aliyemuuliza kitu. Kufikia jioni grupu ya familia ilikuwa imeshahesabu hadi Desemba, na kuna mtu ameshaanza kutaja shamba. Nikauliza: ni A, B ama C? Kimya. Binamu mmoja akatuma emoji ya maombi.

Sisemi daktari alidanganya. Pengine miezi haitafika hata sita, na hilo pia mjomba anafaa kulijua, maana ni yeye atakayeamua kama shamba liuzwe kwa matibabu, ama ashughulikiwe maumivu tu akiwa nyumbani. Kumficha eti tunamlinda, hapo mimi sikubaliani kabisa, hata mama akinuna.

Alinuna. Halafu Jumapili akamwambia.

Mjomba alinyamaza kitambo, akaitisha kalamu. Jumanne anarudi kliniki, na nyuma ya kadi yake ameandika maswali matatu. La pili limenishinda hata mimi: "Haya maji ya tumboni yakipungua, mtanihesabu upya?"