Kadi ya Mteja na Kibubu cha Ahadi

Mwenye biashara anapogonga muhuri kwenye kadi ya mteja na kumwambia "ukifikisha kumi, moja utapata bure", amekopa. Hakuna karatasi iliyosainiwa, hakuna riba wala mdhamini, lakini kuna mtu anayetoka dukani akijua kwamba anadai. Ninawatunzia hesabu wafanyabiashara wadogo hapa Dar es Salaam, na katika madeni yote ninayoyaona, hili ndilo linalosahaulika upesi kuliko mengine, kwa sababu linazaliwa kwenye furaha. Mwenye duka anafurahi kutoa, mteja anafurahi kuahidiwa, na hakuna kati yao anayependa kuwa wa kwanza kuuliza fedha zitatoka wapi.

Kabla ya kadi na pointi tulikuwa na njia yetu ya kumshukuru mteja. Muuza nyanya anakupa fungu lako, unamwambia "niongezee", naye anakutilia moja ya ziada. Siku ambayo mzigo umepanda bei anakujibu kwamba leo mambo magumu, mnaagana vizuri, na kesho unarudi. Nyongeza hutolewa baada ya kipimo, kutoka kwenye kile ambacho tayari kiko mezani. Mtoaji ameiona faida yake ya siku hiyo kabla hajaimega. Pointi zinakwenda kinyume: zinaahidiwa leo ili zilipwe kwa faida ya kesho, ambayo bado hakuna aliyeishika.

Hata hivyo nyongeza ina upungufu wake, na si mdogo. Inafuata sura na mazoea. Mgeni haipati, mwenye haya asiyejua kuomba haipati, na mwenye nguvu anaweza kuidai mpaka ikawa dhuluma. Wakulima wetu waliolazimishwa kuuza kwa magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, wanajua uchungu wa ziada isiyotolewa kwa hiari. Kadi haiangalii sura. Mihuri kumi ni kumi, kwa mwenyeji na kwa mpita njia. Kwa sababu hiyo siipingi kadi. Ninachotaka ni ikae chini ya hesabu kama madeni mengine.

Yuko mama mmoja anayeendesha mgahawa kwenye mtaa wenye ofisi nyingi. Jirani yake alianza kugawa kadi, naye akaniita. "Mwanangu," aliniambia, "nataka na mimi niwape wateja wangu kitu, ila sitaki kuwapa halafu nikaja kuwanyang'anya." Tukakaa na daftari kabla hajaenda kwa mchapaji.

Sahani ya wali samaki anaiuza 4,000. Mchele, samaki, nazi, mafuta na gesi vinakula 2,600, inabaki 1,400 ya kulipia pango, wasaidizi wawili na yeye mwenyewe. Wazo lake lilikuwa lile la jirani: kula sahani kumi, ya kumi na moja bure. Kwa haraka linaonekana jepesi, maana sahani ya bure inamgharimu 2,600 tu. Tulipowapanga wateja wake kwa majina, sura ikabadilika. Wako takriban thelathini wanaokula kwake kila siku ya kazi, siku 22 kwa mwezi. Hao hawawezi kula chakula cha mchana mara mbili kwa siku kwa ajili ya kadi. Kila sahani ya bure atakayowapa itachukua nafasi ya sahani ambayo wangeilipia. Katika siku 22 mteja wa namna hiyo atalipia 20 na kula mbili bure, na mama atapungukiwa 8,000 kwa mtu mmoja. Kwa watu thelathini ni 240,000 kila mwezi, na biashara haijaongezeka hata mteja mmoja.

Hapo ndipo mipango mingi ya zawadi inapofia. Inampa fedha mtu ambaye angekuja hata bila fedha hizo, na inamgusa kidogo yule ambaye angeweza kuongeza safari. Anayekula kwake mara mbili kwa wiki ana nafasi ya kuja mara tatu. Wa kila siku hana.

Suluhisho lilitoka kwake mwenyewe, si kwangu. Asubuhi mabenchi yake hukaa matupu. Watu wa ofisini hawajazoea kunywa chai pale. Chai na chapati mbili anaviuza 1,500, na vinamgharimu kama 600. Akaamua kwamba mihuri kumi ya mchana itampatia mteja kifungua kinywa, akipate asubuhi yoyote apendayo. Mteja anapokea kitu cha 1,500, mama anatoa 600, na hakuna sahani ya mchana inayopotea. Wale thelathini wa kila siku sasa watamgharimu kama 40,000 kwa mwezi badala ya 240,000. Anayekuja mara nane kwa mwezi akiongeza safari moja tu, kadi yake imejilipa na kubakiza. Na yeyote anayekuja kunywa chai ya bure anagundua kwamba pale kuna chai.

Kisha tukaweka kibubu. Ikiwa mihuri kumi ni 600, kila muhuri ni shilingi 60. Jioni, kabla ya kugawa mapato, anahesabu mihuri ya siku hiyo. Ikiwa 80, anatenga 4,800 na kuzitia kando. Fedha hizo si zake tena, ni za watu wenye kadi mifukoni. Kampuni kubwa zinafanya jambo hilohilo kwa lugha nzito zaidi. Kanuni ya kimataifa ya IFRS 15, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inataka sehemu ya bei inayohusu pointi isiandikwe kama mapato siku ya mauzo. Inabaki kwenye vitabu kama wajibu mpaka mteja azitumie au muda wake uishe. Ukiuza bidhaa ya 100,000 ukampa mteja pointi za thamani ya 2,000, mapato yako ya siku hiyo ni kama 98,000. Mama lishe mwenye kibubu na mhasibu wa kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa wanatii wazo moja.

Wako waliolipuuza, tena wakubwa. Mwaka 1992 tawi la Uingereza la Hoover, kampuni ya mashine za kufagia zulia, liliahidi tiketi mbili za ndege, kwenda na kurudi, kwa kila aliyenunua bidhaa za pauni 100 au zaidi. Kwanza zilikuwa za Ulaya, baadaye hata za Marekani. Tiketi ilikuwa na thamani kuliko mashine, kwa hiyo watu walinunua mashine za kufagia zulia wasizozihitaji ili wapate safari. Kampuni ilikuwa imetegemea kwamba wengi wangechoshwa na fomu na masharti, wakakata tamaa. Hawakuchoka. Hasara ilifika karibu pauni milioni 50, kesi zikaendelea mahakamani kwa miaka, na mwaka 1995 biashara ya Hoover barani Ulaya ikauzwa kwa kampuni ya Candy ya Italia.

Kutegemea kwamba mteja atasahau au atachoka ndicho kitu kinachonisumbua zaidi katika kazi hii. Ni kweli kwamba si kadi zote zitarudi, na mhasibu makini hukadiria zile ambazo hazitarudi. Lakini kukadiria ni jambo moja, na kujenga mpango ambao faida yake yote inatokana na usahaulifu wa watu ni jambo jingine. Ukifika mahali unamwombea mteja wako asahau, umeshaacha kuwa rafiki yake. Kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007, zikawa zinalimbikizwa bila kikomo. Mwaka 2022 ikatangaza kwamba zilizozidi miaka mitatu zingeanza kufutwa Januari 2023. Wateja wakapaza sauti, na mpango huo ukasimamishwa. Kampuni ilikuwa na haki ya kutaka ukomo. Deni lisilo na mwisho halipangiki. Ila ukomo unaotangazwa baada ya miaka kumi na mitano unapokewa kama kunyang'anywa, ilhali ule ulioandikwa kwenye kadi siku ya kwanza haumkasirishi mtu. Tarehe ya mwisho ya kadi ya mama imechapwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mgahawa. Mchapaji alidhani tumekosea.

Na mpango wa zawadi hauwezi kuwa na afya kuliko biashara iliyoubeba. Nakumatt, kampuni ya Kenya ya maduka makubwa, ilikuwa na kadi iliyojulikana Afrika Mashariki yote. Ilipolemewa na madeni ya wauzaji na wenye majengo, ikaingia chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Waliolimbikiza pointi walibaki na kadi zisizo na rafu za kuchukulia chochote.

Hesabu hizi zimenibadilisha hata nje ya kazi. Kwenye vikao vya harusi nimekuwa mtu anayeandika mchango mdogo kuliko unaotarajiwa, kisha anaulipa wiki hiyohiyo. Zamani nilidhani ukarimu hupimwa siku ya kutaja kiasi, pale mezani, kamati ikipiga makofi. Siku hizi najua kuna mweka hazina atakayeagiza nyama na kulipia ukumbi kwa kutegemea ile namba. Ahadi yangu inaingia kwenye bajeti ya mtu mwingine kabla haijatoka mfukoni mwangu. Ukiahidi kulipa ada ya mtoto wa ndugu yako, kuna shule atakayopelekwa kwa sababu yako na nyingine ambayo hatapelekwa. Anayeahidi bila kuhesabu anadhani anatumia moyo wake tu, kumbe anatumia pia maisha ya wenzake. Kuhesabu kwanza si ubahili. Ni namna ya kumheshimu anayekungoja.

Wale thelathini wa kila siku walinikera kwa muda, maana ndio waliomshika mama miaka yote, na hesabu ilikuwa inaniambia niwape kidogo. Yeye hakukereka. Anamjua asiyekula pilipili, anamjua mwenye kisukari, na samaki wakielekea kuisha saa saba mchana anafunika sahani ya yule ambaye kikao kimemchelewesha. Mara mojamoja anawatilia kipande cha papai au parachichi bila kutangaza. Vitu hivi havipo kwenye kadi, na nilimsihi asivichape kamwe. Vikiahidiwa tu, vitahitaji kibubu chake.

Sharti la mwisho tuliloliandika lilihusu kufunga. Mpango wowote unaweza kuisha: samaki wanapanda, pango linapanda, jirani anafunga. Akiamua kuacha, atabandika tangazo mlangoni siku sitini kabla, ataacha kugonga mihuri mipya, na kila kadi yenye mihuri mitano au zaidi itapewa chai kutoka kwenye kibubu mpaka siku ya mwisho. Kitakachobaki humo baada ya hapo ndicho atakachoruhusiwa kukiita faida.