Waya mwekundu wa Land Cruiser ya mjomba

Juzi niliweka picha ya waya mwekundu uliobabuka, watu wakauliza ni wa nini. Leo najibu kwa urefu kidogo, maana picha moja haitoshi.

Waya ule ulitoka kwenye Land Cruiser ya mjomba mmoja hapa kwetu. Ni gari la mwaka 1994, la dizeli, lenye nyuma ndefu. Mtu wa mjini ataliita mkweche. Sisi ndilo linalotubebea mgonjwa usiku na kumpeleka mama mjamzito hospitali Mocímboa da Praia. Siku za kawaida linabeba magunia ya muhogo na samaki wakavu. Mjomba alitaka kiyoyozi kirudi kufanya kazi. Vijana wenzangu wakacheka: "Watu hawana mabati, yeye anataka baridi!" Hata dada mmoja anayefanya kazi ya misaada aliniuliza, kwa upole, kama hiyo si anasa.

Mi nasema si anasa. Kiangazi barabara zetu ni vumbi tupu. Ukifungua vioo, mgonjwa wa kifua anakohoa njia nzima. Ukifunga bila kiyoyozi, mama aliyejifungua jana anapikwa humo ndani. Na masika ni hatari zaidi. Watu wanane wakikaa ndani ya gari huku mvua inanyesha, kioo cha mbele kinaingia ukungu, dereva haoni kitu. Kiyoyozi hakileti baridi tu, kinakausha pia hewa. Unyevu unashikwa na bomba za baridi nyuma ya dashibodi, unageuka maji, maji yanatoka chini ya gari. Hewa kavu ikipulizwa kwenye kioo, ukungu unaondoka. Kwa hiyo ni suala la kuona njia.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Fundi mmoja huko nyuma alikuta kompresa haishiki. Badala ya kutafuta sababu, akachukua waya mwembamba, akautoa betri moja kwa moja hadi kwenye klachi ya kompresa, na swichi ya taa ya nyumbani katikati. Hakuna fyuzi, hakuna rilei. Kilifanya kazi miezi michache, halafu plastiki ya waya ikaanza kuyeyuka mahali ulipogusa chuma cha injini.

Hapo nataka tuelewane vizuri. Betri ya gari ni volti 12 tu, haikurushi ukiigusa, ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini ikipigwa shoti inatoa umeme mwingi mno kwa mara moja. Waya mwembamba unakuwa mwekundu kama kaa, na pembeni yake kuna mafuta na mipira. Fyuzi ipo ili ife yenyewe kabla ya waya kuungua. Sisi watu wa Mbau tumeshaona magari yaliyoungua ya kutosha. Sitaki jingine liungue na mgonjwa ndani kwa kukosa kifyuzi kidogo kama ukucha.

Kazi tuliifanya watatu: mimi, kijana mmoja tuliyekuwa naye kambini Metuge, na binti wa miaka 17 anayejifunza umeme wa magari. Kwanza tulichomoa terminali hasi ya betri. Kisha tukatoa waya wote wa yule fundi. Tukaufuata mfumo wa zamani wa kiwandani hatua kwa hatua, kwa sababu mara nyingi haujafa, umekatika sehemu moja tu.

Njia ya umeme wa kiyoyozi ikieleweka haisumbui. Ukiwasha feni ya ndani na kubonyeza swichi ya kiyoyozi, umeme mdogo unapita kwenye kidhibiti baridi, kinachozuia bomba zisigande barafu. Unapita pia kwenye swichi ya presha iliyo kwenye bomba la gesi. Gesi ikiwa imeisha, au presha ikipanda mno, swichi hiyo inakata. Vyote vikikubali, rilei inashika, na ndiyo inayopeleka umeme mkubwa kwenye klachi. Klachi ni sumaku: ikipata umeme inavuta sahani ya mbele, kompresa inaanza kuzunguka na mkanda.

Tulipima kwa mita. Swichi ya presha ilipitisha umeme, kwa hiyo gesi ilikuwepo kiasi, hatukuigusa. Koili ya klachi ilisoma omu 3.6, nzima kabisa. Ubovu ukaonekana sehemu mbili. Rilei ya zamani ilikuwa imeoza miguu. Na waya wa kwenda kwenye klachi, ndani ya kiungio chake, shaba ilikuwa imegeuka kijani kwa chumvi ya bahari. Injini ikiwaka, betri ilionyesha volti 13.8, lakini kwenye klachi zilifika 9 tu. Yule binti ndiye aliyesema, "Kaka, volti zinapotea njiani, si kwenye kompresa." Alikuwa sahihi. Mjomba alikuwa ameshaambiwa mjini anunue kompresa mpya, na hela yake angeitoa kwenye mabati ya nyumba.

Tulinunua rilei ya miguu minne, kishikio cha fyuzi na waya wa milimita 2.5 za mraba. Kwa wanaojifunza: mguu 30 unatoka betri kupitia fyuzi ya ampia 10, na fyuzi ikae karibu na betri, si mwisho wa waya. Mguu 87 unakwenda klachi. Miguu 85 na 86 ni ya koili ya rilei: mmoja unapata umeme uliopita kwenye swichi ya presha, mwingine unakwenda bodi. Klachi yenyewe inakula ampia tatu hadi nne tu, kwa hiyo fyuzi ya 10 inatosha. Ukiona inakatika, tafuta shoti, usiweke ya 30. Viungo tulivichomea kwa risasi, tukavivika mpira, tukapitisha waya ndani ya bomba la plastiki mbali na ekzosi. Bodi tulikwangua mpaka chuma king'ae ndipo tukafunga waya wa bodi, tukapaka grisi juu kuzuia chumvi.

Jambo la gesi, tafadhali. Magari mengi ya kabla ya miaka ya 1990 yalitumia R12, baadaye ikaja R134a, kwa sababu Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilianza kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Hizo mbili hazichanganywi. Na msijaze gesi ya kupikia, hata ukiambiwa inapoza vizuri. Ikivuja ndani ya gari, cheche moja inatosha.

Nina neno kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa. Vifaa mlivyotugawia vina spana na nyundo, ahsanteni. Kilichotuokolea hela ya kompresa ni mita, na mita hiyo ni ya kuazima. Kijana akipata mafunzo ya wiki mbili na cheti bila mita, atarudi kuwa yule fundi wa waya moja kwa moja, si kwa ubaya, bali kwa sababu hana macho ya kuuona umeme. Vyeti vyetu vingi viliungua au vilibaki njiani tulipokimbia. Hatukuulizwa cheti kwenye gari la mjomba, tuliulizwa kama limepona.

Wanaotaka kujifunza, Jumamosi asubuhi tunakuwa chini ya mkorosho karibu na msikiti. Gari la pili linasubiri: Hiace ambayo feni yake inapuliza namba nne tu, moja hadi tatu hazifanyi kitu. Kabla hamjaja, fikirieni kwa nini, tutaanza na majibu yenu.